Kaka Aliyewapa Majirani Majina ya Waingereza

Humu hutakuta jina la mtu wa kwetu hata mmoja. Si kwamba nimesahau. Naweza kuwataja wote, walio hai na waliokufa, na mbwa wao. Lakini mara ya mwisho majirani zangu kuwekwa kwenye karatasi, wanaume kumi na mmoja wa Mkonze walifungwa kamba shingoni, na waliorudi ni wanne. Mimi ni mmoja wa hao wanne. Kwa hiyo nitawataja watu kwa kazi zao, kama Waingereza wa zamani walivyotajana, na mtu wa kwetu akisoma atawajua. Wenye hatia nao nitawataja hivyo hivyo: akida, jumbe, na mtani wetu. Mjerumani nitamweka mwisho. Yeye alikuwa mjinga. Hao watatu hawakuwa wajinga.

Kaka yangu alinizidi miaka sita hivi. Nchi ilikuwa ya Mjerumani, lakini misheni ya upande wa Buigiri ilikuwa ya Waingereza, na mpaka vita ilipoanza hakuna aliyeona ajabu. Kaka alikwenda pale kijana, akajifunza kusoma, akawa mwalimu wa kufundisha wengine. Mimi alinivuta baadaye nikafue nguo. Shuleni nilikaa kidogo sana, herufi nilizipata kwake, jioni jioni, kwa kijiti na mchanga. Kazi yangu ilikuwa kukanyaga mablanketi. Walikata pipa nusu, nikatia maji na sabuni, nikapanda ndani na kukanyaga mpaka magoti yaume.

Siku moja ya kiangazi alikuja karani kutoka boma la Dodoma kuandika watu wa misheni. Alitaka kila mtu majina mawili. Tulipanga foleni. Mbele yangu alikuwa mzee mpasua kuni, ambaye jina lake maana yake ni yule aliyezaliwa njiani.

“La pili?” karani akauliza.

“La pili la nini? Nilizaliwa mara moja.”

Karani akakasirika, sisi tukacheka. Yule padri wa Kiingereza, mzee mwembamba mwenye shingo ndefu, alikuwa amesimama mlangoni, naye akacheka. Karani alipoondoka alituambia tusione aibu, hata kwao zamani kila mtu alikuwa na jina moja tu.

“Sasa kijiji kina akina Yohana watano,” alisema. “Mbuzi ameibwa. Watu wanasema, kaiba Yohana. Yohana yupi?”

“Yule mwenye mbuzi,” kaka akajibu.

Padri akacheka tena, akaketi, akaeleza. Walianza kusema Yohana mhunzi, Yohana wa kilimani, Yohana mwana wa Wili, Yohana mrefu. Mhunzi akafa, mwanawe hakujua hata kushika koleo, lakini watu waliendelea kumwita wa mhunzi, na mjukuu vivyo hivyo. Ndiyo maana leo nusu ya Uingereza wanaitwa Smith na hawajawahi kugusa mvukuto. Taylor ni mshonaji. Baker ni mwoka mikate. Fletcher ni mtengeneza mishale. Ward ni mlinzi. Hill ni yule aliyekaa kilimani. Johnson ni mwana wa Yohana. Marshall, alisema, mwanzo alikuwa mtu wa kutunza farasi tu, wa kusafisha kinyesi, lakini wafalme wanapenda farasi, basi mtunza farasi akapanda, akapanda, mpaka leo ni cheo cha jemadari.

Kaka alikuwa na daftari la jalada la kahawia. Akaandika yote. Mimi nilikuwa nimerudi ndani ya pipa langu, maji yananifika kwenye mashavu ya miguu. Nikauliza, “Na mfua nguo je?”

Padri akanitazama miguu. “Wewe ni Walker,” akasema. “Ndiye aliyekanyaga vitambaa ndani ya maji. Wenye jina hilo wengi hawajui. Wanadhani babu yao alikuwa msafiri.”

Nilifurahi siku nzima. Usicheke. Nilikuwa na miaka ishirini hivi na hakuna mtu aliyekuwa ameona kwamba kazi yangu ni kitu cha kuitwa.

Kwetu Wagogo jina la mtoto husema kilichompata mama yake siku zile: njaa, mvua, safari, ugomvi na mawifi. Ukisikia jina la mtu unajua mwaka ulikuwaje. Haliwezi kukuambia mtu mwenyewe anafanya nini. Kaka alilipenda jambo hili la Waingereza kwa sababu hiyo. Aliniambia tukiwa njiani kurudi Mkonze, mwendo wa siku mbili, kwamba jina la Mwingereza hutolewa na jirani. Mtu hajichagulii. Jirani anakutazama unavyoishi, anakuita, na huna la kufanya.

Jambo hilo yeye aliliona tamu. Mimi sasa naliona kama kisu kilicholazwa kwenye nyasi.

Tulipofika nyumbani aliwakusanya majirani kwenye kivuli cha tembe yetu, akafungua daftari, akaanza kugawa. Mhunzi wetu akawa Smith, akasema jina lenyewe lina sauti ya chuma kikitiwa majini. Mzee wa mishale akawa Fletcher. Yule anayekaa peke yake kwenye mwinuko, ambaye mbwa wake hulia kila mtu akipita, akawa Hill. Kijana aliyekaa kwenye ulingo kufukuza ndege shambani akawa Ward. Mtunza punda wa jumbe akapewa Marshall, na watu walimpigia saluti mpaka akaona haya. Mama mmoja mjane, mfinyanzi, alikataa kuachwa, naye akapewa Potter, jina ambalo maana yake ni hiyo hiyo, mfinyanzi wa vyungu. Zikafika nyumba tisa. Kaka aliandika kila jina la Kiingereza, maana yake, kisha akachora mstari na kuandika mwenye nyumba na nyumba ilipo: wa pili kutoka kisimani, yule wa kwenye mwinuko, na kadhalika. Alisema ni kumbukumbu, ili akirudi misheni padri aone kwamba hata Mkonze ina Waingereza.

Mtani wetu alikuwa amekaa pale tangu mwanzo. Asiyejua utani nimweleze. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu mababu. Anaweza kuingia kwetu akachukua kuku na kumwita mama yangu mchawi, na mama atamwambia mbona leo umenawa. Mtani humkasirikii. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kukuchekesha kaburini, kwa sababu wengine hawana ruhusa. Ukimkasirikia mtani, watu watakuona kama mtu aliyegombana na kivuli chake.

Siku ile alivaa shati la kaki. Alikuwa amepata kazi kwa akida, tarishi wa kupeleka amri vijijini. Alikuja na mke mpya, msichana wa ukoo mkubwa, na mashemeji zake wawili.

“Na mimi, mtani?” akasema. “Au Waingereza hawana jina la mtu mwenye sura?”

“Lipo moja,” kaka akasema. “Calvert.”

“Aa! Linapendeza. Maana yake?”

“Mchunga ndama.”

Ee, watu walicheka! Mhunzi alishika tumbo. Kwetu ndama huchungwa na vitoto, vile ambavyo havijaingia jandoni. Mtu mzima huchunga ng'ombe. Na ukweli ni kwamba ng'ombe wa baba yake mtani walikufa wote kwa maradhi, naye akakaa kwetu akichunga ndama za baba yangu huku ana ndevu, wenzake wote wameoa. Kila mtu pale alijua. Waliokuwa hawajui ni mke wake na mashemeji, na sasa walijua.

Mtani alicheka kuliko wote. Alisema kaka ni Mwingereza wa mlenda, Mwingereza aliyelelewa kwenye zizi. Alisema akifa kaka atamzika amesimama ili aendelee kufundisha. Kaka akajibu, yeye akajibu, tukafurahi mpaka jua likainama. Mashemeji hawakucheka sana. Nilimwona mke wake akiangalia shati la kaki kama mtu anayeangalia nguo ya kuazima.

Nimewahi kusikia watu wakisema kaka alikosea. Nawajibu: utani una mipaka gani? Nionyesheni. Huko Uingereza yupo pengine mtu tajiri, anaitwa Calvert, anakula na masultani, na jina halimchomi popote, kwa sababu wamelivaa miaka mpaka limechakaa. Kwetu lilikuwa bado bichi, hilo nakubali. Lakini mtani alikuwa na mdomo. Angelipa kwa mdomo.

Vita ikaja. Mapadri wa Kiingereza walikusanywa, wakapelekwa walikopelekwa, na misheni ikafungwa. Kaka na mimi tukarudi Mkonze kulima uwele. Kisha ikatoka amri: mtu yeyote aliyekula chumvi ya Waingereza atazamwe. Walisema walimu wa misheni wanapeleka habari kwa adui.

Waliokuja kwetu walikuwa askari wawili na mtani. Ilikuwa asubuhi, mama anatwanga. Askari walianza kupekua huku na huku, wakamwaga maji, wakapiga majungu mateke. Mtani hakupekua. Aliingia moja kwa moja, akapanda juu ya kihenge cha mtama, akapenyeza mkono chini ya paa pale kaka alipoficha daftari lisiliwe na mchwa. Kaka alimwonyesha mwenyewe mahali hapo, siku ile ya kicheko.

“Mtani,” mama akamwambia, “leo huchukui kuku?”

Alishuka na daftari, akampa askari.

Bomani Dodoma mimi na kaka tulisimamishwa uani kwenye jua. Bwana Mjerumani alikaa barazani kwenye meza, mtu mnene, macho mekundu kwa homa, na Kiswahili alikijua vizuri, tena vizuri kuliko mimi. Kulia kwake alisimama akida. Huyu alikuwa mtu wa pwani, kanzu safi, bakora mkononi. Nyuma yake jumbe wetu, amekuja kuona mambo yatakavyokuwa.

Bwana alifungua daftari. Akasoma polepole. “Fletcher, mtengeneza mishale. Ward, mlinzi. Marshall, jemadari.” Akainua kichwa. “Na hapa, nyumba ya pili kutoka kisimani. Nyumba ya mwinuko. Nieleze.”

Kaka akaeleza. Alieleza vizuri, kama anafundisha. Alisema haya si majina ya watu wanaokuja, ni majina ya kawaida tu ya Waingereza na maana zake, nasi tumeyagawa kijijini kwa mchezo. Jemadari yule ni mtunza punda wa jumbe, Bwana, na jumbe yupo hapa, aulizwe.

Jumbe akaulizwa. Akasema, “Mimi nina punda, Bwana. Mambo ya majina siyajui.” Na alikuwa amempigia yule mtunza punda saluti mwenyewe, kwa mkono wake wa kulia, mbele ya macho yangu.

Bwana alikuna kidevu. Mimi naamini, na nimefikiri jambo hili miaka mingi, kwamba alikuwa karibu kuamini. Baadaye sana padri mwingine aliniambia kwamba Wajerumani nao majina yao ni hayo hayo, wahunzi na wasagaji, na kwamba jina la yule Bwana mwenyewe kwa lugha yao ni msaga unga. Alikuwa na jibu kwenye jina lake na hakujiuliza. Ndiyo sababu nasema alikuwa mjinga.

“Nani mwingine alikuwepo siku hiyo?” akauliza. “Mtu wa serikali.”

Akida akamwita tarishi wake. Mtani akaja, akasimama mikono imenyooka, shati la kaki limepigwa pasi. Nilipumua. Nikajua yamekwisha. Mtu aliyekuwepo, aliyecheka, aliyepewa jina yeye mwenyewe, sasa atasema neno moja nasi tutarudi kumalizia palizi.

“Haya ni majina ya nini?” Bwana akamwuliza.

“Ni Waingereza wanaokuja, Bwana,” mtani akasema. “Na hizo ni nyumba watakazofikia.”

Sasa hapa ndipo panaponiuma, na ndipo nilipopataka tangu nilipoanza kuandika. Kaka alicheka. Alicheka kwa moyo mweupe. Aliona mtani amelipa. Aliona ni jibu la Calvert, jibu kubwa, limechelewa likaiva, limetolewa mahali pa hatari ili liwe tamu zaidi. Ndivyo watani walivyo. Na mtani akikurushia, lazima urudishe, tena urudishe zaidi, ukinyamaza umeshindwa.

“Kweli, Bwana,” kaka akasema. “Na mkubwa wao atafikia kwa huyu mtani wangu, maana ndiye mwenye ndama wengi wa kuwachinjia.”

Na mimi nilicheka. Nikiwa nimefungwa mikono, nilicheka.

Bwana alichukua kalamu, akaandika. “Umekiri,” akasema.

“Hapana, Bwana. Huo ni utani.”

“Utani ni nini?”

Hakumwuliza kaka. Alimgeukia akida. Na akida alijua! Mtu wa pwani asijue utani? Mimi mwenyewe nilimwona stesheni akitaniana na wapagazi wa Kinyamwezi, wamemvua kofia, wamemwita maiti ya jana, naye anacheka mpaka anafuta machozi kwa kanzu. Aliangalia ncha ya bakora yake.

“Ni neno la kishenzi, Bwana,” akasema. “Halina maana.”

Kaka ndipo alipoacha kucheka. Akamgeukia mtani, akamwambia kwa Kigogo, taratibu, kama unavyomwambia mtoto ashuke mtini: “Mtani, basi. Umenishinda. Mwambie sasa.”

Mtani alitazama juu ya paa la boma. “Nimeshasema,” akajibu kwa Kiswahili.

Jua halijafika kichwani, askari walikuwa Mkonze wakifuata daftari nyumba kwa nyumba, wa pili kutoka kisimani, yule wa mwinuko. Mwandiko wa kaka ulikuwa mzuri, haukumpoteza mtu. Walimchukua mhunzi, mzee wa mishale, kijana wa ulingoni, na wengine. Kwa mfinyanzi walimchukua mwanawe wa pekee, kwa kuwa yeye ni mwanamke. Jumbe hakuungoja hata usiku. Alifungua zizi letu jioni ile ile, akasema ng'ombe za msaliti ni za serikali. Niliporudi nilizikuta zizini kwake, zimezaa.

Kaka alipelekwa Tabora ndani ya behewa la ng'ombe, yeye na wazee. Sisi vijana tuliachwa tubebe mizigo ya jeshi. Nilibeba masanduku ya risasi kuelekea kusini mpaka mabega yakaota sugu, nikala mizizi, nikaona watu wanaachwa njiani wakiwa bado wanaongea. Sitaki kuyasimulia hayo. Wengi wameyaona, na hayakuwa na mtani ndani yake.

Aliyeniletea habari za kaka ni mmoja wa wanne tuliorudi, mzee wa mwinuko. Alifungwa naye. Alisema kaka alikufa kwa kuhara, mwaka wa pili. Alisema pia kwamba kila mlango wa gereza ulipofunguliwa kaka aliinua kichwa. “Mtani atakuja kusema,” aliwaambia wenzake. “Utani wake umemzidi tu, hajui auondoe vipi. Anachelewa, lakini atakuja.” Alisema hivyo mpaka mwisho.

Niliporudi Mkonze mama alikuwa amekufa kwa njaa, maana jeshi lilichukua hata mbegu. Wajerumani walikuwa wamekimbia. Akida alikimbia nao, na sijui alipo. Kama yu hai, basi asome: nilikuona ukitazama ncha ya bakora. Jumbe alikufa kwa maradhi ya mapafu kabla sijapata nguvu za kumfikia, na hilo namlaumu Mungu mpaka leo. Akabaki mmoja.

Na hata huyo mmoja, watu hawakumlaumu! Walimlaumu kaka. Nilikwenda kwa mama mfinyanzi kumpa pole, hakuniruhusu kukaa.

“Mwanangu aliuawa na kalamu ya kaka yako,” akasema. “Nani alimtuma aandike nyumba yangu?”

“Mama, ulikuwepo. Uliomba mwenyewe uandikwe.”

“Nilikuwepo kwenye mchezo. Sikujua nyuma ya mchezo kuna nini. Bwana alisema kaka yako alikiri.”

Hivyo ndivyo ilivyokuwa karibu nyumba zote tisa. Waliofiwa walitaka mtu wa kumchukia, na aliye karibu alikuwa mwenye mwandiko. Yaliyosemwa uani bomani niliyasikia mimi, na nani atamwamini ndugu wa mtu? Mtani peke yake ndiye angeweza kumtoa kaka kwenye vinywa vyao.

Alikuja mwenyewe. Nilikuwa nakarabati paa, nikasikia sauti chini ikinisalimu kwa Kigogo.

“Mbukwa, mtani! Kumbe fisi wamekukataa! Umekonda mpaka umefanana na mke wako wa baadaye!”

Kama vile hakuna kilichotokea. Nilishuka. Nilikuwa na panga mkononi, la kukatia miti ya paa, na kwa kitambo kidogo sikujua mkono wangu utafanya nini. Kisha nikaliegemeza ukutani. Nikainama, nikamwambia, “Shikamoo, Bwana.”

Akacheka. “Shikamoo gani, mtani? Nitukane.”

“Karibu uketi, Bwana. Nyumbani hawajambo?”

Nikamletea kigoda. Nikamletea maji. Nikakaa mbele yake na adabu zote, kama mtu aliyetembelewa na mgeni asiyemjua. Alijaribu tena, akamtukana baba yangu, akanitukana pua. Nilimjibu, “Ndivyo, Bwana. Asante.” Kicheko kilimkauka mdomoni. Aliondoka bila kumaliza maji.

Niliwaambia ukoo wetu wote wa Mkonze na wa vijiji vya jirani wafanye vivyo hivyo. Wengine walisema hayo si desturi. Niliwauliza, na gereza la Tabora ni desturi? Wakanifuata. Tangu siku hiyo mtani na wanawe walipopita kwetu walipata heshima tu. Mnaweza kudhani ni adhabu ndogo. Ishini bila mtani muone. Mavuno yake yakiwa mabaya hakuna wa kumcheka, akijenga hakuna wa kuja kumwambia nyumba imepinda, akipita njiani watu wananyamaza na kumpisha. Alianza kutembea kama mtu aliyeacha kivuli nyumbani.

Kisha mama yake akafa. Watani ndio wanaotangulia kaburini, wanaovaa nguo za marehemu na kuigiza alivyokuwa akisonya, mpaka wafiwa wacheke na waweze kula. Hatukwenda hata mmoja. Alizika mwenyewe na wanawe, na waliokuwepo wanasema jembe tu ndilo lililosikika.

Siku ya nne akaja. Hakuleta utani. Alipiga magoti pale pale mama alipokuwa akitwanga.

“Nilitaka kumtisha tu,” akasema. “Siku moja tu. Mke wangu tangu siku ile ya daftari alikuwa akinipa chakula akiangalia pembeni, shemeji zangu wakinipigia mluzi wa kuita ndama. Nikasema na yeye aonje. Kesho nitakwenda nimwambie Bwana ukweli. Kesho yake nikakuta wameshapelekwa stesheni.”

“Na kesho kutwa?”

“Niliogopa.”

“Mwaka wa kwanza mzima uliogopa? Na wa pili?”

Akasema, “Nimemzika mama yangu kama mbwa. Niambie unachotaka.”

Nilimwambia. Zile nyumba tisa. Kila mlango, akiwa amesimama, aseme kwa sauti ya kusikika daftari lilikuwa nini na yeye alisema nini bomani, na kaka alicheka kwa nini. Mimi nitakuwa nyuma yake.

“Nikifanya hivyo, yatakwisha?”

“Fanya,” nikasema.

Akafanya. Tulianza asubuhi kwa mjane wa mhunzi. Alisema yote. Yule mama alimpiga kwa mwiko wa ugali, akampiga tena, naye hakuinua mkono. Kwa mzee wa mwinuko tulifukuzwa na mbwa, tukarudi, akasema. Nyumba nyingine walilia, nyumba moja walimfungia mlango naye akasema kupitia ufa. Kwa mama mfinyanzi palikuwa pa mwisho. Alikuwa anakanda udongo, hakuacha kukanda. Mtani alisema mpaka akamaliza. Yule mama akaniangalia mimi, si yeye.

“Kumbe alicheka,” akasema.

“Alicheka, mama.”

“Basi kaa, unywe maji.”

Nilikaa, nikanywa. Nilikuwa sijakaa kwenye nyumba ile tangu Mjerumani. Mtani alibaki amesimama nje, hakuna aliyemkaribisha. Nilipotoka alikuwa bado yupo, damu imemkauka kwenye sikio, uso wake una matumaini kama wa mtu anayesubiri mvua aliyoiona inakuja.

“Nimemaliza zote tisa,” akasema. “Sasa nitukane, mtani. Neno moja tu.”

Nilikuwa nayo mengi. Nilikuwa nimeyatunga njia nzima ya kusini, chini ya sanduku la risasi, mengine yalikuwa mazuri sana, kaka angeyapenda.

“Asante kwa kunisindikiza, Bwana,” nikamwambia. “Wasalimie nyumbani.”

Mke wangu, ambaye nilikuwa nimemwoa karibuni, aliposikia alisema nimekuwa mtu mbaya. Nilimwambia ndiyo. Mtani alikaa Mkonze mwezi mmoja, kisha nikasikia amefunga mzigo, amekwenda kwa miguu mpaka milima ya Kibakwe, mwendo wa siku nyingi, kwa sababu kule wapo watu wa ukoo wetu waliohama zamani, na aliamini habari haijawafikia. Ilikuwa imewafikia. Nilituma mtu siku ile ile ya nyumba tisa. Walimwona anapanda kilima na fimbo yake, anaanza kupiga kelele za matusi akiwa mbali, anacheka peke yake. Walimpokea mzigo, wakampa kigoda na maji ya kunawa, wakamuuliza habari za safari, wakamwita Bwana.